Kamba ya Mafundo Thelathini na Moja

Mama yangu alinyimwa kazi kwa kosa la kutojua kusema. Barua ilikuja Jumanne ikiwa na muhuri wa bluu, na mimi ndiye niliyemsomea: "Msailiwa hana uwezo wa kujieleza mbele ya watu." Nilirudia mara mbili nikidhani nimeruka neno. Mtaani kwetu mtu mwenye haraka hupita njia ya nyuma, kwa sababu ukipita mlangoni kwa mama ukamsalimia, basi safari yako imeahirishwa. Marehemu baba alikuwa akisema kwamba alioa mke na redio kwa mahari moja. Sasa watu watatu wenye miwani wamekaa naye nusu saa nzima, wakaona hajui kusema.

Nilipandwa na hasira, na hasira zangu hazina breki.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuongoza wageni katika kasri. Kasri liko juu ya kilima na unaliona ukiwa popote mjini: vyumba arobaini, minara miwili, mawe yaliyopandishwa huko kwa mabega ya watu enzi za babu yake babu wa mfalme wa mwisho. Mfalme huyo wa mwisho aliondoka asubuhi moja na masanduku kumi na mawili. Wanajeshi wakahamia, wakapikia milango badala ya kuni. Walipotoka wao likawa ghala la serikali, la magunia ya saruji na madawati mabovu, na popo wakajichukulia mnara wa kushoto. Miaka thelathini ikapita hivyo. Ndipo wakubwa wakakumbuka kwamba nyumba ile ni mali ya watu wote na watu wote hawajawahi kuiona ndani, wakaamua liwe jumba la makumbusho. Mimi niliajiriwa mapema, msimamizi wa usafi. Wale popo unaosikia habari zao nimewatoa mimi.

Mama naye alitumika humo miaka ishirini na miwili, kabla mfalme hajaondoka. Alikuwa mpanga meza katika ukumbi wa chakula, ule mrefu wenye meza ya watu sitini. Ukumbi huo ulikuwa na sheria moja: mtumishi hasemi. Sikusudii kupayuka. Hasemi kabisa, hata kunong'ona, hata kama viti ni vitupu na mfalme yuko safarini. Mfalme alikula nyuma ya kiwambo cha mbao chenye matundu madogo madogo, maana hakuna aliyeruhusiwa kumwona akitafuna, na kutoka huko nyuma alipenda kusikia wageni wake wanasemaje. Sauti ya mtumishi ingemharibia uhondo. Kuna mzee mmoja alipiga chafya katikati ya karamu, akahamishiwa zizini kwa farasi na hakuonekana tena ukumbini. Wenzake wakajifunza kusemezana kwa vidole. Mama aliingia humo akiwa na miaka kumi na minane, akatoka na arobaini, na baina ya siku hizo mbili kuta zile hazikusikia neno lake hata moja.

Sasa niulize usaili ulifanyika wapi. Ulifanyika humo humo, kwenye ukumbi wa chakula, kwa sababu ofisi zilikuwa zinapakwa rangi.

Nilipomwuliza mama nini kilimsibu, alikuwa anachambua mchele na hakuinua macho. Hakuwa na kawaida ya kujibu kwa ufupi, lakini siku hiyo alijibu.

"Nilijibu maswali yote, mwanangu. Kichwani. Nilipovuka kizingiti tu, mdomo ukajifunga wenyewe."

Akasema kwamba alikuwa amejiandaa wiki mbili. Alitaka kazi ile, na hakuitaka ili apate cha kufanya. Alitaka kusimama katika chumba kile, kile tu, aseme yaliyokuwa yakitendeka humo, kwa sababu vinginevyo watu wangeonyeshwa viti na kiwambo na kuambiwa mfalme alikula hapa, kana kwamba chakula kilijileta chenyewe. Wenzake aliofanya nao kazi walikwisha kufa wote isipokuwa yeye. Aliponiambia hivyo machozi yalinilenga, nikajifanya naangalia mchele.

Kesho yake nikaenda kwa mkurugenzi. Ni mwanamke mtulivu, umri wake kama wangu, kalamu haimtoki sikioni. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si rahisi nikiwa nimewaka. Lakini pembeni yake alikaa yule mtaalamu wa vyombo, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Daktari wa Vikombe, kwa siri, ingawa siri yenyewe aliijua. Alikuwa amesomea vyombo vya mezani hadi shahada ya juu kabisa, na sina ugomvi na elimu yake. Alisema kwa upole kwamba amesoma nyaraka zote za kasri na hakuna hata moja inayotaja sheria ya ukimya. Nikamjibu kwamba nyaraka ziliandikwa na walioruhusiwa kusema. Mkurugenzi akatabasamu kidogo, kisha akasema kwamba hata hivyo kazi ya kuongoza wageni ni ya mdomo, kwamba kuna binti mwenye cheti anayesubiri nafasi hiyo, na kwamba ufunguzi ni Jumapili.

Nikarudi kwenye ndoo yangu. Zamu yangu siku hiyo ilikuwa kusafisha makabati ya kioo ukumbini, na katika kabati la katikati kabisa, juu ya kitambaa chekundu, palikuwa na kamba ya pamba iliyokunjwa kwa adabu. Nikasoma kibao chake huku nikifuta. Jioni nilipopita kwa mama kumjulia hali nikamsomea kile nilichokuwa nakikumbuka, ili tu tuwe na la kuzungumza: Kamba ya Ibada ya Mfalme. Mafundo yake thelathini na moja yanawakilisha mababu thelathini na mmoja wa ukoo wa kifalme, na mfalme aliishika mkononi wakati wa kutafakari.

Mama akauliza kama fundo moja la kamba hiyo ni kubwa kuliko mengine. Nikasema ndiyo, la mwanzo. Akauliza kama ina harufu ya nta. Nikasema iko ndani ya kioo, nitajuaje harufu. Basi akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikaanza kuhofia moyo wake.

"Hiyo ni kamba yangu," alisema alipopata pumzi. "Nimeivaa kiunoni miaka ishirini na miwili. Mababu gani? Hizo ni uma na vijiko."

Kisha redio ikafunguka. Wapanga meza hawakujua kusoma wala kushika rula, na mfalme mmoja wa zamani alikuwa akikasirishwa na sahani iliyokaa upande. Ndipo zikatungwa kamba. Fundo kubwa la mwanzo hushikizwa kwenye pembe ya meza. Baada yake kila mgeni ana mafundo sita: la uma, la sahani, la kisu, la kijiko, la bilauri, na la mwisho la kuachia kiwiko nafasi. Kamba moja ni ya wageni watano. Ukimaliza watano unasogeza, mara sita upande huu, mara sita upande ule, na meza ya watu sitini imepangwa bila neno moja kusemwa. Kila mpanga meza alipewa kamba na aliyemfundisha kazi, kipimo kile kile tangu mwanzo. Nikamwuliza ilifikaje kwenye vitu vya mfalme. Akasema siku waliyofukuzwa waliambiwa watoke na nguo zao tu. Hakuna aliyemwambia aweke wapi kamba, mfalme alikwisha kuondoka, basi kwa mara ya kwanza maishani akapita nyuma ya kiwambo, akaitundika kwenye mkono wa kiti chake.

"Nikasema moyoni, haya, jipangie mwenyewe."

Tulikuwa bado tunacheka mume wangu alipoingia kunichukua. Ni fundi seremala na ndiye mwenye kazi ya mbao zote za kasri. Maneno kwake ni haba, kwa hiyo alipokaa kimya akitusikiliza sikushangaa. Nilishangaa alipofungua mdomo. Alisema, bila kujua anachokisema, kwamba habari za meza zimemkumbusha: Ijumaa anatakiwa aipige randa meza ile yote, kwa sababu Daktari wa Vikombe ameona ina madoa ya unyevu.

Mama akaacha kucheka. "Madoa gani, mkwe wangu?"

"Ya mviringo, mama. Yamefifia, mpaka uinamie ndiyo uyaone."

"Yako mangapi?"

Hakuwa ameyahesabu, lakini alikuwa ameyagusa yote kwa mkono, na mkono wa seremala hausahau. Alifumba macho akapiga hesabu kwa vidole. Upande wa dirishani kama thelathini, alisema, na upande wa pili hivyo hivyo.

Mama akatueleza kwamba sahani zilipashwa moto jikoni kabla ya kuletwa, na zilikaa mahali pale pale kila siku kwa miaka themanini. Joto lilikuwa limeingia kwenye nta ya kung'arishia meza, na nta kwenye mbao. Yale hayakuwa madoa, ilikuwa kazi ya mikono yao yote, wa kabla yake na yeye, na haikuwa imeandikwa mahali pengine popote. Randa ingeimaliza asubuhi moja.

Mume wangu hugombana na watu mara moja kwa mwaka, na mwaka huu nafasi hiyo aliitumia Alhamisi asubuhi mbele ya mkurugenzi. Alisema haigusi meza mpaka mama mkwe wake aipange. Hakupaza sauti. Aliweka randa mezani kwa mkurugenzi, juu ya karatasi zake, akakaa. Daktari wa Vikombe alieleza kwamba kamba ni dhaifu na haiwezi kutolewa kwenye kioo kwa ajili ya mchezo. Nikamwambia akae nayo, mama atafunga nyingine.

Naye akaifunga, pale nje kwenye ngazi za jikoni, kwa kamba ya pamba niliyoitoa stoo. Hakuwa ameiona meza ile kwa karibu tangu siku aliyofukuzwa. Kwenye usaili ilikuwa imefunikwa turubai. Rula yake ilikuwa mkono wake. Vidole viwili, fundo. Shubiri na nusu, fundo. Alifunga huku anapiga domo na wapishi wa kantini, habari za mafundo na habari za binamu yake aliyeacha mume, zote kwa pamoja, na sikuona akisita hata mara moja. Ilimchukua muda mfupi kuliko mimi ninavyochukua kuosha dirisha moja.

Kisha akasimama, akajifunga kanga vizuri, akavuka kizingiti cha ukumbi. Maneno yakaishia mlangoni.

Nilikuwa sijamwona akifanya kazi ile. Nilipokuwa mtoto alitoka nyumbani gizani na kurudi amechoka, na kilichokuwa katikati sikukijua. Alitembea haraka kuliko anavyotembea sokoni. Akashikiza fundo kubwa kwenye pembe, akanyoosha kamba ukingoni mwa meza, akaanza kushusha sahani kutoka kwenye toroli, na hakuna iliyolia. Sahani ya kwanza ilikaa juu ya doa la kwanza ikalifunika lote. Ya pili hivyo hivyo. Alipofika ya tano mkurugenzi alitoa kalamu sikioni. Alipofika ya thelathini wapaka rangi walikuwa wameacha brashi zao, wako mlangoni, na dirishani upande ule hapakubaki doa hata moja la kuonekana.

Daktari wa Vikombe alikuwa amekunja mikono. Alisema, na sauti yake haikuwa na kiburi, kwamba inawezekana mkwe alipima meza akampa mama vipimo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: lilikuwa swali la haki. Mume wangu hakukasirika. Mama ndiye aliyemjibu, kwa kidole. Alikielekeza kwenye kabati la kioo.

Daktari akatoa funguo mfukoni, akavaa glavu zake nyeupe, akafungua. Aliibeba kamba ya mfalme kwa viganja viwili hadi upande wa pili wa meza, akashikiza fundo kubwa kwenye pembe kama alivyomwona mama akifanya, akainyoosha. Akachukua sahani mwenyewe. Alipoiweka, mama alimgonga mkono kidogo, kwa kidole kimoja, akamsogeza kulia. Ikakaa juu ya doa. Aliweka ya pili, akagongwa tena. Ya tatu aliiweka sawa, na mama akakubali kwa kichwa, kwa namna ambayo mimi nimeipata mara nne tu katika maisha yangu.

Alipomaliza tano zake alisimama akiangalia kamba zote mbili, ile ya zamani na ile ya leo, fundo kwa fundo.

"Miezi minane nimeisoma kamba hii," alisema. "Nimeandika kurasa kumi na mbili. Na mtu wa kumwuliza alikuwa anakaa kule bondeni."

Kuuliza si ujinga, nilitaka kumwambia, lakini alikuwa amekwisha kujiambia. Akakichomoa kibao chake kwenye kabati, akakivunja vipande viwili, akavitia mfukoni mwa koti. Mkurugenzi akamwambia mume wangu arudishe randa kwenye mkoba. Wapaka rangi wakapiga makofi, na mimi nilipiga kelele isiyofaa kwa mtu wa cheo changu.

Lakini mkurugenzi hakuwa amemaliza. Alimchukua mama hadi barazani, ambako mama aliweza kusema, akamwambia kwa heshima kwamba meza imeokoka na jina lake litaandikwa. Kuhusu kazi, alisema, hawezi kuweka mwongozaji bubu ukumbini. Jumapili mbele ya wageni mama apewe nafasi. Akisema, kazi ni yake maisha yake yote. Akinyamaza, binti mwenye cheti atashika, na hapo asimlaumu mtu.

"Nimekuelewa, mwanangu," mama alisema. "Ni haki."

Jumamosi tukaenda kufanya mazoezi. Ukumbi ulikuwa mtupu, umeng'aa, nimeupiga deki mwenyewe. Mama alisimama kizingitini mguu mmoja nje, mguu mmoja ndani, akaeleza supu iliingia kwa mlango gani, akaeleza vizuri, nikasema haya, ingiza na mguu wa pili. Akauingiza. Kimya. Nikamwambia aimbe. Nikamwambia anitukane, maana kwa hilo ana kipaji. Alifumbua mdomo nikaona ulimi ukijaribu, shingo ikamvimba, na hapakutoka hata pumzi. Tulifanya hivyo asubuhi nzima. Mwisho breki zangu zikakatika kabisa, nikamwambia neno ambalo mtoto hamwambii mama yake. Nilimwambia kwamba mfalme amekwisha kuondoka miaka thelathini sasa, na yeye bado ni mtumishi wake.

Hakujibu, kwa kuwa tulikuwa ndani. Aliniangalia tu, akachukua mkoba wake, akateremka kilima peke yake. Nilijuta kabla hajafika getini, lakini miguu yangu ilikataa kumfuata. Nilikaa kwenye ngazi za jikoni nikalia hasa.

Jumapili kilima kilijaa. Watu walipanda tangu asubuhi na nguo zao nzuri, wazee wakishikwa mikono, watoto wakikimbia kwenye majani ambayo zamani ungepigwa mjeledi kwa kuyakanyaga. Geti lilipofunguliwa hawakuingia kwa fujo kama nilivyoogopa. Waliingia polepole wakigusa kuta. Mwanamke mmoja niliyesimama naye alisema kwamba babu wa babu yake alibeba mawe haya na hakuwahi kuona dari la kasri, akaangalia juu kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimevaa sare mpya na sikuwa na raha hata kidogo. Mama alikuwa amekuja mapema, amevaa gauni lake la kijani, na aliniitikia salamu kwa kichwa tu.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mkubwa wa serikali, mnene, mchangamfu, wa kusalimia kila mtu kwa mikono miwili. Tulipofika ukumbi wa chakula watu walibanana mpaka nyuma kwenye dirisha la mwisho. Meza ilikuwa imepangwa yote, sahani sitini, na mama alikuwa amesimama mahali pake pa zamani, nyuma ya kiti cha kwanza, mikono imekutana mbele. Kamba ilikuwa kiunoni mwake. Daktari wa Vikombe mwenyewe ndiye aliyemtolea kwenye kioo asubuhi ile. Mkurugenzi akawakaribisha watu, akasema kwamba habari za ukumbi huu zitaelezwa na aliyeupanga. Kisha akarudi nyuma.

Mama hakusema. Watu wakangoja. Mtu akakohoa, kiatu kikakwaruza sakafu, na binti mwenye cheti, aliyekuwa karibu na mlango, akaangalia saa yake, si kwa ubaya. Mkurugenzi akanitazama mimi. Kimya kilikuwa kirefu mpaka watu wakaanza kuona aibu kwa niaba yake, na moyoni nikasema basi, nimemfunga mdomo kwa mikono yangu mwenyewe.

Mgeni rasmi, kwa wema wake, akataka kuokoa hali. Akainama juu ya meza, akasema sahani hizi ni nzuri ajabu, akaichukua ile ya kwanza kuitazama chini, akaigeuza huku na huku, akairudisha. Aliirudisha ovyo, upande wa kushoto, vidole vitatu nje ya mahali pake. Nusu ya duara ile iliyofifia ikabaki wazi.

"Rudisha ulipoitoa."

Sauti ilikuwa kubwa. Ilipiga dari ikarudi, na kila mtu akageuka kutafuta imetoka wapi. Mgeni rasmi alikuwa amebaki na mkono hewani. Walinzi wake walimwangalia yeye, yeye alimwangalia mama, na mama alikuwa anaangalia sahani tu, amekasirika kweli kweli, hasira ninayoijua kwa sababu nimeirithi.

Mtu mkubwa yule akaisogeza sahani.

"Bado," mama alisema. "Kidole kimoja tena. Kulia. Kulia kwako, mheshimiwa, siyo kwangu. Hapo."

Ndipo akasikia. Niliona uso wake ukisikia. Alishika koo, akaangalia kiwambo kule mwisho wa ukumbi, kile chenye matundu, akakiangalia kwa muda, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Watu walikuwa wameanza kucheka, mgeni rasmi naye alicheka kuliko wote, lakini mama hakucheka. Akafungua kamba kiunoni. Akainyoosha juu kabisa kwa mikono miwili ili hata wafupi waione.

"Mnanisikia huko nyuma?"

Wakaitikia kwamba wanamsikia, hata wa dirisha la mwisho, hata waliokosa nafasi wakabaki barazani.

Basi akaanza. Alianza na wenzake, akawataja mmoja mmoja pamoja na viti walivyosimama nyuma yake, na yule mzee wa chafya hakusahauliwa. Akawaeleza fundo la uma na fundo la kiwiko. Akawaambia kwamba aliingia humu msichana akatoka mwanamke mzima na leo ndiyo mara yake ya kwanza kusema, kwa hiyo wasimharakishe. Watu walilia, watu walicheka, wakati mwingine wale wale. Mimi sikuweza kuona vizuri, mume wangu akanipa leso yake yenye vumbi la mbao. Daktari wa Vikombe alikuwa mbele kabisa na daftari, anaandika kila neno. Saa nzima ikapita, na nusu yake, na ratiba ya ufunguzi ikaharibika kabisa. Mkurugenzi alipomsogelea na kumgusa bega kumkumbusha kwamba viko vyumba vingine thelathini na tisa, mama alimwambia asubiri, hajafika hata kwenye supu.